Mchezo wa Tatu Dhidi ya Kivuli

Bupe Mwasomola aliitwa Ofisi ya Uhakiki kwa kosa la kushinda. Hakuna aliyesema ameiba, la. Alishinda upesi mno, michezo arobaini na mmoja kati ya hamsini, yeye ambaye kwa miaka kumi na mmoja mtandao mzima wa sataranji ulimjua kama mwanamke wa kucheza vizuri kisha kufungwa kwa kuishiwa muda. Wachezaji wenzake walikuwa wamembatiza Bibi Kesho. Sasa Bibi Kesho kageuka mtu wa haraka, na Mtambuzi, ule mtambo unaojua kila mtu anavyocheza, anavyoendesha gari na anavyotia saini, ukaguna.

Ndiyo maana saa tatu asubuhi alikuwa ameketi kwenye ghorofa ya pili, mjini Mbeya, koti limelowa ukungu, huku mtu aitwaye Kajuna akimfunga ukanda wa kupimia kwenye kiganja.

"Unabana?" Kajuna aliuliza. Alikuwa mtu wa makamo, Mhaya mpole wa sauti, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka kwenye kola.

"Haubani. Niambie tu nitafanya nini."

"Utacheza na kivuli chako, dada. Michezo mitatu ya dakika tatu tatu."

Alimgeuzia skrini. Bupe aliona jina lake upande wa chini, na upande wa juu jina lake tena.

"Mtambuzi umechukua michezo yako yote tangu ufungue akaunti mpaka mwezi wa pili mwaka huu," Kajuna alisema. "Umekutengeneza wewe. Kivuli hiki kinafikiri unapofikiri, kinasita unaposita. Hata jumbe kinaandika kama wewe. Juzi nilikuwa na bwana mmoja hapa, kivuli chake kilimtukana mpaka akaona haya."

"Nikikifunga?"

"Ukikifunga mchezo mmoja, au miwili, hakuna neno. Mtu ana siku zake. Ukikifunga yote mitatu, basi wewe siye mwenye akaunti."

"Ebo! Ni nani sasa?"

"Hiyo siyo kazi yangu kujua." Alisema bila ubaya wowote, kama mtu aliyeulizwa hilo mara nyingi. "Kanuni ni kwamba mtu mzima habadiliki zaidi ya asilimia nne kwa mwaka. Wewe umebadilika thelathini na moja kwa miezi saba."

"Nilijifunza, Bwana Kajuna. Watu hawajifunzi siku hizi?"

"Wanajifunza asilimia nne."

Bupe alicheka. Akaunti yenyewe asingeililia. Alama zake zingechukuliwa na apewaye apewe. Ila ndani ya akaunti ile mlikuwa na michezo elfu tatu mia moja na kumi na sita aliyocheza na baba yake, Mzee Ambakisye, na akaunti ikifungwa sheria inataka kila kilichomo kifutwe siku hiyo hiyo. Mzee alikuwa na miaka miwili kaburini. Picha zake zilikuwa nne, na zote kanuna. Kwenye michezo ile ndimo alimobaki mwenyewe, na Bupe kila Jumapili alifungua mmoja akautazama kete kwa kete.

Mzee Ambakisye alikuwa msimamizi wa stesheni ya reli, na alicheza sataranji kama msimamizi wa stesheni. Kabla hajashambulia, hata kama ushindi unamchungulia usoni, alisogeza kwanza askari wa pembeni hatua moja ili mfalme wake awe na pa kutokea. "Njia ya pembeni," alikuwa akisema. "Treni haipiti hapa kabla sijaona njia ya pembeni iko wazi." Akamfundisha bintiye hivyo hivyo. Wote wawili wakawa wanaishiwa muda wakiwa wanashinda, na mchezo ukiisha, awe ameshinda au amefungwa, mzee aliandika neno moja kwenye sehemu ya ujumbe: Umekula? Naye Bupe alijibu, akiwa Mbeya au popote: Nimekula, baba.

Hakukuwa na mazungumzo mengine kati yao, kwa kuwa hawakuwa watu wa maneno.

*

Aliyembadilisha Bupe alikuwa Sista Subilaga, muuguzi mstaafu, miaka thelathini kwenye chumba cha majeruhi. Alikuja dukani kwa Bupe kutengenezewa miwani, akamwona anacheza kwenye simu, akasimama nyuma yake bila kuombwa.

"Mwanangu, unamuua mgonjwa," alisema.

"Mgonjwa gani, mama?"

"Huyo mfalme wako. Kuna basi limepinduka, wameletwa majeruhi kumi, na wewe umeganda kwa aliyevunjika kidole unamfunga bendeji nzuri. Nani anakufa sasa hivi? Nionyeshe."

Bupe alionyesha ngome.

"Huyo ndiye wa kushika. Wengine wangoje."

Wakaanza hivyo. Kila jioni baada ya kufunga duka, saa nzima kwenye benchi la duka. Sista hakujua majina ya mifunguo, zile hatua za kuanzia mchezo, wala hakutaka kuyajua. Alimtaka Bupe achague mfunguo mmoja kwa kete nyeupe na mmoja kwa nyeusi, auzoee mpaka mkono uende wenyewe, ili muda usiliwe mwanzoni. Alimkataza kutafuta hatua iliyo bora. "Tafuta isiyoua, isogeze, nenda kwa mwingine." Alimfundisha kufikiri kwenye saa ya mpinzani. Mwenzako akihangaika wewe usipumzike, pita wodi yako, angalia kila kete imelala vipi. Akamwambia sekunde ishirini za mwisho ni akiba, haziguswi mpaka ubao ubaki na kete chache. Na akifungwa asiangalie alikosea hatua gani, aangalie aliganda wapi.

Aliganda pale pale kila siku, kwenye njia ya pembeni. Sekunde sita, saba, mara nyingine kumi, mkono ukiwa juu ya yule askari.

"Nani anakufa hapo?" Sista aliuliza.

"Hakuna."

"Sasa unamgusa wa nini?"

Bupe aliondoa mkono, kesho yake akamgusa tena. Ilimchukua miezi mitano kuacha, na siku ya kwanza aliposhinda bila kumgusa yule askari alilia chooni, akanawa uso, akarudi akacheza mwingine.

*

Mchezo wa kwanza na kivuli uliisha upesi kuliko alivyotaka. Kilifungua kama yeye alivyokuwa akifungua, kikakaa sekunde arobaini kwenye hatua ya tano, hatua ambayo hata mjinga angeisogeza. Bupe alitazama zile sekunde zikidondoka akaona haya kana kwamba kaonyeshwa video yake akilala mdomo wazi. Kumbe ndivyo nilivyokuwa! Alisogeza, akasogeza, akatishia, kila tishio likikitaka kivuli kijibu, na kivuli kikajibu vizuri sana, vizuri hasa, mpaka kikaishiwa muda.

Mchezo wa pili uliisha vivyo hivyo. Kivuli kilikuwa na malkia wa ziada, na sifuri kwenye saa.

Kajuna aliandika kitu. Hakuonekana kufurahi.

"Kunywa chai kwanza, dada," alisema. "Robo saa. Mchezo wa tatu ni mzito. Watu wengi huwa wanachoka kwenye mchezo wa tatu."

Alilisema akitazama dirishani.

Kwenye korido kulikuwa na birika na vikombe, na mzee mmoja wa Njombe aliyejitambulisha kwa jina la Chaula, dereva wa lori. Alikuwa amekuja kukaguliwa ukanda wake, ambao hakuruhusiwa kuuvua tangu alipopimwa. Alimuuliza Bupe yuko mchezo wa ngapi, naye akamwambia.

"Na ile miwili umeshinda? Pole. Mimi waliniita mwaka jana. Nilipata mjukuu, nikaanza kushika breki taratibu. Basi! Eti siyo mimi. Wakaniketisha kwenye kibanda cha kuigiza, nishindane na kivuli changu kushuka mteremko wa Kitonga. Mara mbili nikafika salama, chenyewe kikagonga."

"Na ya tatu?"

Chaula aliangalia mlangoni, akashusha sauti. "Niligonga nguzo makusudi. Kila mtu hugonga, dada yangu. Unafikiri yule bwana anavyokwambia utachoka anakuonea huruma ya bure? Anakufundisha. Ukimaliza unaapa kwamba umetumia uwezo wako wote, unaweka kidole, unaenda nyumbani na leseni yako."

"Kwa hiyo mtambo haujawahi kukosea."

"Utakoseaje? Wezi wa akaunti wenyewe wakiona wameshinda yote wanatoroka kabla ya kiapo. Na sisi wengine tunagonga nguzo." Alikunywa chai, akakunja uso. "Ila hawakuambii ya mbele. Nikishika breki taratibu sasa, ukanda unalia. Inabidi niendeshe kama yule wa zamani. Mjukuu simpakii garini. Naogopa."

Bupe alikitua kikombe. Hilo hakuwa amelifikiria. Alijua anaweza kupoteza mchezo mmoja, mara moja, mbele ya mtu mmoja, kisha aende zake na michezo ya baba. Hakujua angetakiwa aendelee kupoteza, kuganda kwenye yule askari kila siku ya maisha yake, ili mtambo ufurahi. Na Sista Subilaga angekaa pale benchini akimtazama anawaua wagonjwa.

Hata hivyo, aliporudi chumbani alikuwa amekwisha kuamua. Angepoteza. Mwite mwoga ukitaka, lakini wewe hukumzika Mzee Ambakisye.

*

Mchezo wa tatu.

Alianza kwa kuganda makusudi. Sekunde thelathini hatua ya nne, arobaini hatua ya saba. Ukanda ulimpima mkononi na taa yake ikabaki kijani. Kwa nje alikuwa Bibi Kesho mzima mzima. Alikiachia kivuli askari mmoja, kisha farasi. Kivuli kikachukua taratibu, kwa adabu, kikajipanga. Kajuna alikuwa ameweka mikono mezani na mabega yake yalikuwa yameshuka.

Kwenye saa yake ikabaki dakika, zikabaki sekunde thelathini. Kivuli kilikuwa na ngome mbili zilizouelekea mstari wa mfalme wa Bupe. Hatua moja tu ya ngome, na mchezo umekwisha. Bupe aliiona. Kivuli nacho kiliiona, maana yeye wa zamani angeiona. Alikaa mikono mapajani akisubiri kufungwa.

Kivuli kikasita.

Kwenye saa yake sekunde kumi na nane zikawa kumi na saba, zikawa kumi na sita. Bupe aliujua ule msito kwa mwili wake wote, akaanza kutingisha kichwa kabla haujaisha. Sekunde kumi na moja. Kisha kule juu ya ubao, mbele ya mfalme aliyekuwa hatishwi na mtu, askari wa pembeni akasogea hatua moja.

Njia ya pembeni.

"Baba," Bupe alisema kwa sauti, na Kajuna akainua kichwa.

Ndipo akakumbuka, wala hakutaka kukumbuka. Mwezi wa mwisho wa mzee, mirija puani, simu imeegeshwa kwenye mto. Bupe alimwona anatetemeka, akamwonea huruma, akamwachia. Akaganda makusudi mpaka saa yake ikaisha. Alingoja ujumbe. Haukuja siku hiyo, wala kesho yake, wala kesho kutwa. Siku ya nne mzee aliandika: Ukiniachia tena sichezi na wewe. Basi. Wakaanza upya, Bupe akamfunga michezo sita mfululizo bila kumhurumia, na baada ya ule wa sita ndipo lilipokuja lile neno. Umekula?

Na leo, eti ili ambakishe, alikuwa anamwachia tena.

Alipozinduka alikuwa amebakiwa na sekunde tisa. Kivuli kilikuwa nazo kumi na moja, kina ngome mbili, kinashinda.

Nani anakufa sasa hivi?

Mkono ulikwenda. Malkia akatishia mfalme. Kivuli kikajibu, sekunde mbili. Akatishia tena kwa upande wa pili, nusu sekunde, hakuangalia hata kama ni hatua nzuri, aliangalia kama haiui. Kivuli kikajibu, sekunde mbili na nusu. Hapo mfalme wa kivuli akakimbilia kule kule kwenye njia yake ya pembeni, na Bupe alikuwa ameshapita wodi yake, alijua atakimbilia huko, farasi wake wa mwisho alikwisha kukaa pale jirani. Akatishia. Sekunde nne za kivuli kwa sita zake. Akatishia. Ukanda ulianza kulia mkononi, taa imekuwa nyekundu. Kajuna akasema "Dada," akasema tena, "dada Bupe, angalia," naye hakuangalia kitu. Kivuli kilikuwa kinatafuta hatua iliyo bora. Kilikuwa nayo, ipo, ilikuwa pale inaonekana kabisa, na alikiona kikiitafuta kwa umakini ule ule, upumbavu ule ule alioupenda kuliko kitu chochote duniani, mpaka saa yake ikasoma sifuri.

Yeye alibaki na sekunde moja na kidogo.

*

Skrini iliandika kwa herufi za kijivu: SI MWENYEWE.

"Nilikwambia utachoka," Kajuna alisema polepole. "Kwa nini hukuchoka?"

"Leta kiapo."

"Hakina maana tena. Walioshinda yote hawaapi. Hapa wanaondokaga."

"Mimi siondoki. Leta."

Alimletea, kwenye karatasi ya kioo. Bupe alikisoma kwa sauti, kila neno, kwamba yeye ni Bupe binti Ambakisye Mwasomola, na kwamba amecheza kwa uwezo wake wote. Alipofika kwenye uwezo wake wote alirudi nyuma, akaanza sentensi upya. Kisha akaweka kidole. Ile karatasi ya kioo ikawaka, ikazimika, ikawaka tena. Haikuwa na mahali pa kuandika mtu aliyeshinda yote mitatu na akaapa.

"Miaka tisa niko hapa," Kajuna alisema, "sijawahi kuona hii." Alifuta miwani yake kwa shati, akaivaa, akaisoma tena ile karatasi. "Lazima niandike maelezo. Niandike nini?"

"Andika ulichokiona."

"Watanihoji."

"Watakuhoji, ndiyo. Pole, kaka."

Kajuna alitikisa kichwa, lakini alivuta kibodi akaanza kuandika, kidole kimoja kimoja. Aliandika muda mrefu kuliko sentensi mbili. Alipomaliza alipeleka mkono kwenye kitufe chekundu pembeni ya meza, kisha akausimamisha juu yake.

"Hii ya kufuta haingoji maelezo yangu," alisema. "Siwezi kuizuia. Ila mtambo unanipa dakika moja kabla haujauliza kwa nini nachelewa. Mchezo bado uko wazi hapo kwenye skrini. Kama una kitu cha kuangalia, angalia."

Dakika moja, kwa michezo elfu tatu mia moja na kumi na sita! Bupe alitaka kucheka. Aangalie upi, wa kwanza au wa mwisho? Alipeleka mkono kwenye kumbukumbu, akaurudisha. Mbele yake ubao wa mchezo wa tatu ulikuwa bado umesimama, na askari wa pembeni yuko hatua moja mbele, na chini yake sehemu ya ujumbe iko wazi, tupu.

Mchezo ulikuwa umeisha, na hakuna aliyeuliza.

Akaandika: Umekula?

Kivuli kilikaa muda ule ule aliokuwa akikaa yeye, wa mtu anayeweka simu mezani, anafuta mikono, anaichukua tena.

Nimekula, baba.

"Bonyeza," Bupe alimwambia Kajuna.